Hoja Pekee ya Lavonne Vondra

Miaka yote minne aliyosoma sekondari ya Corwin, Nebraska, Lavonne Vondra hakuwahi kushinda kitu. Hakukimbia, hakuimba peke yake, hakuchaguliwa malkia wa mpira, na alama zake darasani zilikuwa za kumfanya mwalimu asahau kuwa yupo. Lakini ukifungua kitabu cha mwaka cha shule ile, kile cha elfu moja mia tisa hamsini na tano, utamkuta kwenye picha kumi na moja za klabu, safu ya pili, mwishoni kulia, kichwa kimeinama kidogo, utadhani anamwomba radhi mpiga picha. Wanafunzi mashuhuri walikuwa kwenye picha tano, sita. Yeye kumi na moja. Na kazi yake katika klabu zote hizo ilikuwa moja tu: kuunga mkono hoja.

Msicheke kwanza. Sisi watu wa Corwin tulikuwa na ugonjwa wa mikutano. Shule ya wanafunzi mia moja na arobaini, klabu kumi na saba. Kulikuwa na Klabu ya Stempu isiyo na stempu hata moja. Kulikuwa na Klabu ya Usalama Barabarani, katika mji ambao ng'ombe walikuwa wengi barabarani kuliko magari. Kulikuwa na Klabu ya Kilatini, ambayo kila mwaka iliwavisha watoto wa watu mashuka ya kitandani wakae sakafuni wale kuku, eti ndivyo walivyokuwa Warumi. Na kila klabu, hata ya watu sita, ilikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na mtunza kanuni. Wote wana vyeo, mwanachama wa kawaida hakuna. Hapo ndipo shughuli ilipokwama, maana kanuni zilisema hoja haijadiliwi mpaka apatikane mtu wa pili wa kuiunga mkono, na hawa wakubwa kila mmoja alikuwa na hoja yake mfukoni. Nani aunge mkono ya mwenzake?

Lavonne aliingia Klabu ya Kilatini mwaka wa kwanza kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na chumba kile kilikuwa na joto. Alikaa nyuma. Wakajadili kama kadi za mwaliko ziandikwe kwa wino mwekundu au wa kijani. Mmoja akatoa hoja ya wino mwekundu, kisha kimya. Dakika zikapita. Mtunza kanuni, kijana mmoja mrefu aitwaye Duane Oberg, ambaye tangu utotoni alitembea na kitabu cha kanuni za mikutano kwapani, akasimama.

"Hoja ikikosa wa kuiunga mkono imekufa," alisema kwa majonzi ya kweli. "Tutaanza tena upya."

Lavonne alikuwa na njaa. Nyumbani kulikuwa na nyama ya nguruwe na kabichi, na alijua kaka zake hawamsubiri mtu.

"Naunga mkono," akasema.

Watu wote wakageuka. Kura ikapigwa, wino ukawa mwekundu, mkutano ukafungwa, na Lavonne akawahi chakula. Hakufikiria tena jambo lile. Kesho yake asubuhi Marjorie Whitcomb akamsimamisha kwenye korido. Marjorie alikuwa binti wa meneja wa ghala la nafaka, msichana wa kola nyeupe na sauti ya kuamuru, na tangu darasa la kwanza alikuwa mwenyekiti wa kila kitu kilichokuwa na kiti.

"Wewe ndiye uliyeunga mkono jana?"

"Mimi ndiye."

"Alhamisi njoo Klabu ya Mapishi. Tumekwama tangu Septemba."

Ndivyo ilivyoanza. Klabu moja ikamwambia nyingine, na kabla ya Krismasi Lavonne alikuwa anatafutwa kama fundi bomba. Alijifunza kuisema ile kauli kwa wakati wake: si haraka mno, watu wakadhani amepangwa, wala si polepole mno, Duane akafungua kitabu. Alingoja mtoa hoja ameze mate, kisha, "Naunga mkono." Sauti ya chini, safi, isiyomkera mtu. Katika Klabu ya Mapishi aliwahi kuunga mkono keki ya limau na, dakika kumi baadaye, kufutwa kwa keki ya limau, na pande zote mbili zikamshukuru. Siku moja alisinzia kwenye somo la historia. Mwalimu akapiga meza akauliza nani anadhani vita vile vilikuwa vya haki, na Lavonne akashtuka usingizini: "Naunga mkono." Darasa zima liliangua kicheko mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Yeye mwenyewe alicheka pia. Alifurahi kutakiwa, tusidanganyane. Msichana wa kusini mwa reli, binti wa mhunzi, jina lake la ukoo likiwachekesha watoto tangu shule ya msingi, sasa anaitwa kwenye korido na binti wa Whitcomb. Angekataa kwa lipi?

Aliyemharibia raha ni baba yake. Emil Vondra alikuwa fundi wa majembe ya trekta siku za kazi, na Jumamosi alipiga kodiani katika ukumbi wa Sokol. Ukumbi huo ulikuwa wa Wacheki wote wa Corwin, ndugu wa asili wa kina Vondra. Hapo walifanyia mazoezi ya viungo, hapo walioana, hapo walilia misiba yao, na hapo kila Jumamosi walicheza polka mpaka vumbi la mbao likawaingia puani. Lavonne aliicheza tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Shuleni hakuna aliyelijua hilo. Hakuna mwenzake hata mmoja aliyewahi kuvuka reli kuja upande wao, na yeye hakuwahi kumwalika mtu, maana kualika ni kutoa hoja, na hoja hazikuwa kazi yake.

Basi jioni moja ya Machi, mwaka wa mwisho, Lavonne alikuwa anasimulia mezani mambo ya klabu, nani kataka nini na nani kampinga nani. Emil akamsikiliza mpaka mwisho, huku akifuta mchuzi kwa mkate.

"Sawa, mama," akamwambia binti yake, kama alivyozoea kumwita. "Marjorie alitaka hivi, Duane akataka vile. Na wewe ulitaka nini?"

"Mimi niliunga mkono, baba."

"Hilo nimesikia. Nauliza ulitaka nini."

Lavonne akasogeza kabichi sahanini. Kaka yake mkubwa akasema, "Alitaka kuwahi chakula," wote wakacheka, mazungumzo yakaenda kwingine. Lakini yeye usingizi ulimpaa. Aliona aibu. Klabu kumi na moja, miaka minne, na swali dogo namna ile lilimshinda.

Jibu lilimjia wiki ya tatu ya Aprili, na lilikuja na maji. Bomba la ukumbi wa michezo wa shule lilikuwa limepasuka wakati wa baridi, na mbao za sakafu zikainuka zote. Mafundi waliahidi kumaliza Aprili, kisha wakasema Juni. Karamu ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa nne ilikuwa Mei. Marjorie akaitisha mkutano wa darasa lote, watu thelathini na mmoja, katika chumba cha Kilatini, mlezi wao Bi Thorsen akiwa pembeni na kitambaa chake cha kufuma.

Inabidi mjue karamu hiyo ilikuwaje. Bodi ya shule ilikuwa imepiga marufuku dansi tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo vijana walikula kuku na viazi, wakasikiliza hotuba, kisha wakafanya kile kilichoitwa matembezi. Mvulana na msichana wanashikana viwiko na kuuzunguka ukumbi kwa mlio wa piano. Wanazunguka tena. Wanazunguka mara ya tatu kinyume. Halafu kila mtu anarudishwa kwao. Marjorie alikuwa ameongoza matembezi hayo mwaka wa tatu, mbele kabisa, uso mkavu, kama mtu anayepeleka barua ya serikali.

"Hali inajulikana," alisema Marjorie na kugonga meza kwa nyundo yake ndogo ya mbao. "Chumba cha chini cha kanisa letu kinapatikana. Kina meza, kina piano. Nguzo zipo katikati, lakini tutatembea tukizikwepa. Nangoja mtu atoe hoja, halafu tuimalize."

Alimtazama Lavonne kidogo, jicho la kumwambia ajiandae kwa kazi yake. Na hapo, jamani, Lavonne aliona nguzo. Aliwaona wenzake thelathini, watu aliowajua tangu wakiwa na mapengo, wakizunguka nguzo za chumba cha chini usiku wao wa mwisho pamoja, kisha wakitawanyika Omaha na Denver na jeshini. Akaona ukumbi wa Sokol uko palepale, mita mia nne kutoka shuleni, sakafu yake inang'aa, baba yake na kodiani yake. Akajua anachotaka. Alitaka waje kwao. Mara moja tu, waje kwao.

Akasimama.

"Natoa hoja," alisema, akaona vichwa vinageuka, akaanza tena. "Natoa hoja karamu ifanyike ukumbi wa Sokol. Si mali ya shule, kwa hiyo bodi haihusiki. Kuwe na dansi. Baba yangu na wenzake watapiga muziki bure."

Katibu, msichana aitwaye Phyllis, aliinua kalamu asijue aandike nini. Duane alikuwa ameshaanza, kwa mazoea tu, kugeuza kichwa kumtazama mtu wa kuunga mkono, na macho yake yakaishia palepale yalipoanzia, kwa Lavonne.

"Huwezi kujiunga mkono mwenyewe," alimwambia kwa upole.

"Najua."

"Nasema tu ili ijulikane."

Hakuna aliyesema "naunga mkono". Wote walikuwa wamezoea kwamba neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama na hoja mkononi. Lavonne alihisi masikio yanawaka. Alijua desturi: mwenyekiti anatangaza hoja imekufa, mambo yanaendelea. Marjorie alichotakiwa kufanya ni kugonga nyundo. Lakini Marjorie alikuwa amekasirika, na mtu mwenye hasira hakumbuki nyundo.

"Sokol?" alisema. "Si ndiko watu wanakokunywa bia mchana kweupe?"

"Jumamosi tu," alijibu Lavonne.

"Mama yangu hataniruhusu kuvuka reli," akadakia mvulana wa mbele.

"Mama yako hakuruhusu hata kuvuka sebule," mwingine akamrushia kutoka nyuma, na hapo chumba kikafunguka. Kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema polka ni dansi ya wazee. Mwingine akasema shangazi yake aliolewa na Mcheki na hadi leo ni mnene na mwenye furaha. Msichana mmoja aliuliza kama huko wanasali kabla ya kula, akajibiwa kuwa wanasali na kula kwa wakati mmoja. Phyllis akasema miguu yake haijui lolote, mvulana aliyekaa nyuma yake akasema amwachie yeye, Phyllis akawa mwekundu mpaka shingoni. Zilipita dakika kumi. Bi Thorsen alikuwa ameacha kufuma.

Hatimaye Marjorie alikumbuka nyundo. Aligonga mara tano.

"Inatosha. Hoja hii haikupata wa kuiunga mkono. Imekufa. Tuendelee na kanisa."

Lavonne akaketi. Basi ndiyo hivyo, alijiambia. Umetaka, umesema, yamekwisha. Alikuwa anatafuta kitambaa mfukoni aliposikia kurasa zinafunuliwa.

"Kuhusu utaratibu," alisema Duane.

"Duane, tafadhali," alisema Marjorie.

"Haijafa."

"Nani kaiunga mkono? Mtaje."

"Hakuna." Duane alikuwa amepauka. Yeye mwenyewe hakutaka dansi. Alikuwa na miguu mikubwa na alijua hivyo. Lakini kitabu kilikuwa wazi mbele yake, na kwa kijana yule kitabu kilikuwa kitabu. "Kanuni inasema mtu wa pili anahitajika ili mkutano ujue kuna watu wanaotaka jambo lizungumzwe. Likishazungumzwa, hakuna tena wa kuuliza habari za mtu wa pili. Sisi tumelizungumza dakika kumi. Kwa hiyo liko hai, lazima tupige kura."

"Nani kaanza kulizungumza?" Marjorie aliuliza kwa ukali. "Atoke nje."

Duane alishusha kitabu. "Ni wewe, mwenyekiti."

Watu walicheka, hata Bi Thorsen alijifunika na kitambaa chake. Marjorie hakucheka. Aliangalia nyundo kama kitu alichookota njiani. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa kanuni, akasema wanaounga mkono wasimame.

Alisimama kwanza yule wa shangazi mnene. Akasimama Phyllis, bila kumtazama yeyote, na mvulana wa nyuma yake kabla hajamaliza kusimama. Wakasimama wawili wa timu ya mpira. Duane akahesabu akielekeza kalamu: kumi na wanne. Wakakaa. Wakasimama wanaopinga, Duane mwenyewe miongoni mwao, akajielekezea kalamu kifuani asijisahau. Kumi na watano.

Kura moja. Lavonne alijaribu kutabasamu. Watu kumi na wanne, alijiambia, si haba, hata asubuhi hukudhani utampata mmoja. Lakini moyo haukudanganyika, ulikuwa umeuma, na macho yalishaanza kujaa.

"Haitimii," alisema Duane. Alikuwa anakunja uso juu ya karatasi. "Kumi na nne na kumi na tano ni ishirini na tisa. Tupo thelathini, ukimtoa mwenyekiti. Mmoja hakusimama popote." Akapitisha macho safu kwa safu, mpaka mwishoni kulia. "Lavonne. Wewe hukupiga kura."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani, akingoja kujua wenzake wanataka nini, kama alivyofanya miaka minne. Hakuna aliyecheka safari hii, pengine kwa sababu ya uso wake.

"Nasimama," akasema, akasimama. "Mimi nataka waje. Mje, yaani. Nataka mje."

Duane akaandika. "Kumi na tano kwa kumi na tano. Zikilingana, hoja imeanguka." Akageuza ukurasa mmoja, na ilionekana anatamani ukurasa ule usingekuwepo. "Isipokuwa mwenyekiti akitaka kupiga kura yake. Halazimiki. Akinyamaza, basi."

Wote wakamgeukia Marjorie. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Alisimama pale na kola yake nyeupe, msichana aliyeongoza mikutano yote ya shule ile na kuzunguka ukumbi ule mara tatu na mara ya tatu kinyume, akamtazama Lavonne. Aliiweka nyundo mezani polepole isitoe sauti.

"Lavonne," akasema, na sauti haikuwa ya kuamuru hata kidogo, "huko kwenu mtu huvaa nini?"

Lavonne alikuwa bado amesimama. "Chochote. Ila viatu, vaa ambavyo hutalia vikikanyagwa. Baba yangu hucheza na kila mgeni, na hatazami chini."

"Mimi sijui kucheza."

"Hakuna atakayekuuliza."

Marjorie akavuta pumzi. "Andika, Phyllis," akasema. "Mwenyekiti anakubali. Andika haraka, kabla Duane hajapata ukurasa mwingine."

Lavonne alitoka shuleni akitembea, kama binti mwenye adabu zake, mpaka kona ya posta. Kutoka hapo alikimbia. Alivuka reli na vitabu kifuani, akamkuta baba yake amelala chali chini ya jembe la trekta, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Baba, wanakuja."

"Kina nani?" miguu iliuliza.

"Darasa. Karamu ya kuagana, wanafanyia Sokol. Nimetoa hoja mimi."

Nyundo ya kule chini ilinyamaza. Emil akajivuta nje taratibu, uso wote grisi, akakaa palepale kwenye vumbi akimtazama binti yake.

"Wote?" akauliza. "Na yule wa Whitcomb?"

"Na yeye."

Emil akajifuta paji la uso na kulizidishia uchafu. "Sasa wanakula nini watu hao?" alisema hatimaye, na hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Akainuka, akaelekea nyumbani hatua ndefu kumwita mama Lavonne, mikono michafu vilevile.